Shingo ya Gitaa

Februari 4

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti la mama limetulia na kifua chako hakikusumbui. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Nimechaguliwa kuwa mhariri wa Nyuzi, jarida la muziki la wanafunzi hapa chuoni. Kurasa ishirini na nne, na jalada ndilo linalonitesa.

Nilikuwa maktabani nikifukua magazeti ya zamani kwa ajili ya makala kuhusu bendi zilizosahauliwa. Nikakuta picha ya vijana watano jukwaani. Wa katikati, mwenye gitaa na shati la maua, ni wewe! Miaka yote hii nakujua kama fundi saa tu. Sijui nicheke au nikasirike.

Naomba ruhusa niiweke kwenye jalada. Nimeambatanisha maswali tisa. La tisa ndilo linaloninyima raha: kwa nini uliacha? Tunapeleka kazi kwa mchapaji Machi 14.

Mwanao

Februari 16

Mwanangu,

Marahaba. Goti la mama yako sasa linatabiri mvua kuliko redio. Mimi naendelea na saa za watu.

Shati lile lilikuwa la kuazima, usilisifie. Picha itumie, lakini iache kama ilivyo. Maswali yako ni kama ya polisi, niachie kwanza.

Baba yako

Februari 27

Baba,

Shikamoo. Kwema huko? Nakutumia jalada la majaribio. Mpangaji wetu wa kurasa, tunayemwita Rula kwa kupima kila kitu, alilalamika kwamba shingo ya gitaa lako inachoma herufi za jina la jarida. Akaigeuza picha kama kwenye kioo. Sasa shingo imeelekea upande mtupu, jina linapumua. Umependeza mno!

Niambie umelipenda. Na maswali, baba, tafadhali.

Mwanao

Machi 8

Baba,

Shikamoo. Hamjambo lakini? Siku tisa kimya. Nikipiga simu mama anasema uko bafuni. Bafuni mara tatu?

Nimeisoma barua yangu upya, neno kwa neno, nikitafuta nilipokukosea. Sipaoni, na hilo ndilo linalonitisha. Nikiiondoa picha, jalada linabaki tupu na Rula atanimeza mzima. Sema chochote, hata cha hasira.

Mwanao

Machi 11

Mwanangu,

Sisi wazima. Barua hii nampa kondakta wa basi ili ikuwahi.

Nilizaliwa mtu wa shoto. Shuleni mwalimu aliuchapa mkono ule mpaka kalamu ikahamia kulia. Nyumbani kijiko nacho kikahama. Nikatii. Gitaa peke yake ndilo nililokataa kuligeuza. Siku ya picha hiyo, kiongozi wa bendi aliniambia, “Wewe, badilisha mkono, unaharibu mstari jukwaani.” Nikashuka jukwaani na sikurudi tena.

Nilikuomba uiache kama ilivyo. Sikukueleza sababu, hilo kosa ni langu. Lakini nilipojiona kwenye jalada lako nikipiga kwa kulia, mwanangu, kila ulipopiga simu nilikimbilia bafuni.

Baba yako

Machi 17

Baba,

Shikamoo. Nisamehe. Mwezi mzima niliitazama picha ile. Niliona shati, viatu, hata kifungo kilichokatika. Mkono sikuuona.

Tumeirudisha ilivyokuwa. Rula alifoka, “Mhariri, jina halitasomeka!” Nikamwambia basi herufi ndizo zisogee. Shingo inapita katikati ya jina, na jina limeachana kuipisha.

Nakala ya kwanza hii hapa. Makala niliyaandika kwa magazeti ya zamani tu. Kisa cha mkono sikukigusa, maana ni chako. Mwishoni nimeacha nusu ukurasa mweupe. Wenzangu wanadhani ni urembo.

Sijui kama utanijibu. Nimeanza kuogopa kila bahasha.

Mwanao

Machi 29

Mwanangu,

Marahaba. Jarida limefika. Mama yako amelibandika kwenye ukuta wa kibanda changu, na sasa wateja wanaoleta saa wanaulizia gitaa. Nawafukuza, ila si kwa nguvu.

Jibu la tisa unalo. Mkichapa nakala nyingine, liweke ukitaka kwenye ile nusu ukurasa mweupe. Mengine manane yako nyuma ya karatasi hii. Nimechukua siku nne, na utaniwia radhi kwa hati: mistari inapanda na kushuka, na kiganja kimepakaza wino kila mahali.

Nimeandika kwa kushoto. Ni mara ya kwanza tangu darasa la kwanza.

Baba yako