Kaka Aliponinyanyulia Mkono

Chumba cha Mapokezi,
Jengo la Jamii.
Jumanne, tarehe 15 Julai.

Mpendwa Chiriku, mtoto wa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako. Hali yako vipi huko ugenini? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimeachia? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila magoti yangu yakiona ngazi tu yanaanza kisirani.

Mama yako sasa anakula. Juzi alicheka, nami nikaenda jikoni kulia.

Haya nimeshindwa kukuambia kwa simu. Kila nikianza nasikia unavyovuta pumzi, naishia kukuuliza habari za kazi. Basi soma ukiwa umekaa.

Unakumbuka wezi walipobeba vyerehani vya darasa la ushonaji na kompyuta za maktaba. Kamati ikafunga kamera nane, king'ora, na milango inayofunguliwa kwa kadi. Mimi nikapewa kiti mbele ya skrini, baba yako akabaki bawabu, kazi yake kuzunguka na kukagua milango. Wiki nzima ya kwanza alivaa koti lake la harusi, maana hakuna aliyemwambia kwamba picha zinaishia mezani kwangu. Tulimcheka mpaka basi. Tangu hapo, kila akipita chini ya kamera alininyanyulia mkono, nami nikamnyanyulia wangu, kana kwamba ananiona. Akija kunywa chai ananiuliza, "Mdogo wangu, leo nimetoka vizuri?" Hata kamati waliuzoea upuuzi wetu.

Nilikuambia baba yako alianguka ghafla mlango wa nyuma, akafa papo hapo, na hakuna aliyemwona. Sivyo, mwanangu. Mungu anisamehe, nawe unisamehe ukiweza.

Mimi nilimwona. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Alikaa kwenye ngazi za nyuma, akaegemea ukuta, akanyanyua mkono. Nikacheka peke yangu, nikamnyanyulia wangu, nikaendelea kuandika wageni daftarini. Akanyanyua tena. Nikasema moyoni, mzee leo ana raha zake. Mwalimu wa ushonaji ndiye aliyemkuta, saa nne na dakika thelathini na tano.

Daktari alisema ni moyo. Sikumwuliza kama dakika zile zingetosha kumwokoa. Mpaka leo naogopa jibu.

Sasa kazi imenishinda. Ngazi zile ziko kwenye skrini kutwa, tupu, na mkono wangu unanyanyuka wenyewe. Nimebandika karatasi pale. Mwenyekiti wa kamati aliponiuliza, nikasema mwanga unaniumiza macho. Uongo juu ya uongo. Hata nikifumba macho nisali, naiona picha ile, na saa yake pembeni inahesabu.

Mashine hutunza picha siku thelathini, kisha inazifuta yenyewe. Wiki iliyopita alikuja fundi wa kamera, mtu mpole, nikamweleza. Akasema, "Mama, wewe nyamaza tu. Alhamisi ijayo itakuwa imefutika, na hakuna atakayejua." Nikarudi na maneno hayo nyumbani, nikayalalia siku mbili. Yalikuwa matamu, na utamu wake ndio ulionitisha. Nikamwita tena, nikamwomba anakili picha ile kwenye flashi. Nimeifunga kwenye leso, iko sandukuni mwangu. Mama yako hajui. Sitampa mtu wala sitaitazama tena, mpaka utakaposema wewe.

Ukitaka niiharibu, nitaiharibu. Ukitaka kuiona, nitakutunzia mpaka uje. Ukinikasirikia, sitajitetea.

Ila kuna jambo inafaa ulijue kabla hujaamua. Kamera zetu hazina sauti. Mara ile ya pili aliponyanyua mkono, midomo yake inacheza. Neno moja, mara mbili, polepole. Nilirudia kutazama mpaka macho yakauma. Si jina langu, langu ningelijua. Nadhani ni lako.

Nisalimie mumeo na wale pacha. Mama yako anakusalimu, na shemeji zako wote, na mwalimu wa ushonaji anakupa pole tena. Mungu akulinde, Yeye asiyesinzia kazini.

Ni mimi shangazi yako akupendaye, hata ukichelewa kunijibu.