Kikopo cha mkojo cha baba

Oya, acha unachofanya usome hapa. Nimetoka hospitali sasa hivi, nacheka peke yangu njiani kama kichaa.

Unamjua baba na uoga wake wa vipimo. Ana presha, daktari kataka mkojo wake aangalie figo. Kufika chooni ananipa kikopo. "Jaza wewe. Wewe kijana, wako msafi." Nikajaza.

Majibu yakatoka. Daktari kamkazia macho baba: "Mzee, figo zako zinavujisha protini."

Baba kaniangalia. Mimi namwangalia baba. Ndugu yangu, ule mkojo ni WANGU.

Ikabidi tuseme. Dada wa maabara alicheka mpaka akakaa chini. Daktari hakucheka, akanipima presha. Iko juu kabisa, na mimi kichwa kikiuma nasingizia kazi yangu ya kuchomelea vyuma.

Anasema figo zikihisi damu haizifikii vizuri zinatoa homoni, mishipa inabana, presha inapanda. Hiyo presha inaziumiza, nazo zinazidi kutoa. Yaani zinajichapa zenyewe. Kidonge kinakata huo mzunguko. Ningechelewa, ningekuja kusafishwa damu kwa mashine.

Lakini tumewahi. Tumewahi, unasikia? Vidonge ninavyo mfukoni.

Baba sasa anatembea kifua mbele: "Ningekuwa mkweli ungekwisha wewe." Nikamwambia sawa mzee, ila kesho unarudi kutoa wako, na daktari kaniagiza nisimame mlangoni.

Sasa hataki hata kunywa maji.