Linta ya Sebuleni

Jumatatu, 2 Juni

Mkandarasi kaondoka. Kapata kazi kubwa zaidi mahali pengine, kaziacha kuta za nyumba yetu mpya zimefika magotini. Simu hapokei. Basi! Nimempigia mume wangu nikamwambia: kuanzia leo mkandarasi ni mimi. Alikuwa kapaki lori mahali anywe chai. Kwanza kacheka.  Akasema wewe ni mwalimu wa hesabu. Nikamwambia, na nyumba ni nini kama si hesabu? Likizo nimeomba, mkuu wa shule kasaini bila hata kuniangalia usoni.

Mume wangu kakubali kwa sharti moja: fundi mkuu awe mdogo wake. Sina neno. Shemeji kajenga nusu ya mtaa huu na roho yake ni nzuri. Ila kufanya kazi na ndugu — ukimkemea mmoja, umeukemea ukoo mzima.

Mwenye nyumba tuliyopanga naye kapita kunikumbusha. Binti yake anarudi na familia, vyumba anavitaka mwisho wa mwezi ujao. Anaongea na mimi huku macho yanakagua vioo vya madirisha yake kama nitaondoka navyo.

Siwezi kukaa. Nimefagia chumba kimoja mara tatu.

Jumatano, 4 Juni

Saa moja kamili niko saiti. Watu watano: Shemeji, wajenzi wawili, mchanganya zege, na fundi nondo wanayemwita Kimya. Wanamwita hivyo kwa sababu hanyamazi. Kabla sijaweka mkoba chini keshanieleza ndoa zake zote mbili na sababu ya kila moja kuvunjika.

Wananipisha kama mgonjwa. Mwalimu, simama kivulini. Mwalimu, kalia ndoo hii. Sitaki kivuli! Sitaki ndoo! Nimezunguka msingi mara kumi na ramani mkononi. Hapa jiko. Hapa chumba cha mama mkwe, karibu na choo asihangaike. Hapa watoto. Hapa sebule na dirisha langu, upana mita tatu. Mume wangu anauliza dirisha la mita tatu ni la nini, tunafungua duka? Miaka kumi na nne nimeishi nyumba ambayo ukitaka kuona kama kumekucha lazima utoke nje. Ni la kazi hiyo.

Ijumaa, 6 Juni

Leo nimevuruga hali ya hewa.

Nilipima kona ya sebule kwa kamba. Tatu, nne, tano — ile ile ninayowafundisha kidato cha pili, pembe mraba haina ujanja. Ikakataa. Kiganja kizima nje! Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu. Shemeji akasema kamba yako imelegea. Nikamwambia ikaze wewe. Akaikaza. Ikakataa vile vile.

Kimya akasema kamba haina shemeji. Wote wakacheka, isipokuwa mmoja.

Wamebomoa kozi tatu za tofali na kuanza upya. Mume wangu kwenye simu: mdogo wangu hajawahi kukosea kona tangu aanze kushika mwiko. Nikasema basi ameanza. Sikupaswa kusema vile. Nimesema.

Jumanne, 10 Juni

Kuta zinapanda, na zinapanda vizuri, lazima niseme kweli. Namtazama Shemeji akifanya kazi. Anaweka tofali, anapitisha kiganja pembeni yake taratibu, kama fundi cherehani anayepapasa kitambaa. Halafu anaweka pima maji juu na kumuuliza mjenzi wa pili, linasemaje? Yule anajibu: povu liko katikati, fundi. Nikafikiri ni namna yake ya kufundisha. Hata mimi darasani huuliza ninachokijua.

Mchana kakanyaga ndani ya karai la udongo wa saruji, mguu mzima. Kacheka, ananiambia: uzee huo, Shemeji! Uzee? Ana miaka arobaini na moja.

Alhamisi, 12 Juni

Tumefika juu ya madirisha. Maboksi ya mbao yamefungwa kuzunguka nyumba yote. Kesho nondo zinaanza kulazwa humo. Jumamosi tunamwaga zege la linta, boriti ya juu ya madirisha — na linta ndiyo mkanda wa suruali, usipokaza huo mengine yote yanashuka. Juu ya dirisha langu ndipo pa kuogopa. Mita tatu hewani, na paa lote linakuja kukaa juu yake.

Nimesema mara tatu: asimwage mtu zege kabla sijaona nondo. Wameitikia wote, ndiyo Mwalimu. Hiyo ndiyo naijua. Ni ndiyo ya dawati la nyuma.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe kaamka na kizunguzungu, kashika ukuta hawezi kuuachia. Mbio zahanati. Presha imepanda. Foleni hadi nje. Mimi nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi. Mama mwenyewe, na kizunguzungu chake, ananiambia: mwanangu, utaniangusha kwa kukutazama tu.

Nikapiga saiti. Nikasema msubiri. Shemeji akauliza kwanza hali ya mama yake, nikamwambia nafuu ipo. Kisha akasema mawingu yanajikusanya, zege likishachanganywa halisubiri mtu. Nikasema kama hamjachanganya msichanganye! Simu ikakatika. Au kaikata.

Nimefika saa tisa. Wamemaliza. Linta nzima, mbichi, inang'aa. Mchanganya zege ananawa miguu. Shemeji kakaa juu ya toroli kachoka kabisa, akasema umeona, mvua haikutuwahi.

Mvua haikunyesha kabisa.

Nikasema hongereni. Mdomo umesema, moyo ulikuwa haupo.

Jumatano, 18 Juni

Leo wametoa mbao za pembeni. Kote safi, isipokuwa pale pale. Juu ya dirisha la sebule zege lina matundu kama sega la nyuki, ncha ya nondo inachungulia nje. Nikaingiza kidole. Kikaingia chote!

Kilichonitisha si matundu. Ni kwamba Kimya hakusema neno asubuhi nzima. Nikamvuta nyuma ya rundo la mchanga. Sema. Akaangalia viatu vyake. Kisha yakamwagika yote. Nondo za dirisha lile, za mwisho kulazwa Jumamosi asubuhi, Shemeji alizipima mwenyewe na kutaja urefu mwenyewe. Zikakatwa. Kuzilaza, hazifiki upande wa pili! Wakazichomekea vipande hapo katikati, zimepishana kiganja tu.

"Nilimwambia, Mwalimu. Nikasema fundi, huku si kuunga, huku ni kusalimiana. Akasema tufunike kabla hujafika."

Nimeagiza ile mirunda ya chini, nguzo zinazoishikilia linta, isiguswe. Hata mmoja. Nikaenda kusimama barabarani.

Alhamisi, 19 Juni

Nataka niandike hili lilivyokuwa, kabla hasira au huruma haijalibadilisha.

Niliwahi kabla ya mafundi. Shemeji alikuwa keshafika, kwenye chumba kitakachokuwa cha mama yake, anafuta mwiko. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, tangu nyumbani nayapanga. Badala yake nikachomoa futi ya kupimia, nikaivuta hadi mahali fulani, nikampa.

"Nisomee hapo, Shemeji."

Akaileta karibu. Akaipeleka mbali. Akageuza uso, akaitazama kwa pembe ya jicho kama kuku anavyoitazama punje. Akaendelea hivyo muda mrefu, hadi nikatamani nisingeuliza.

"Katikati sioni," akasema. "Pembeni naona. Katikati pana wingu. Nikikutazama usoni, uso haupo. Nimekujua kwa hatua zako — unatembea kama unafukuzwa."

Tangu mwaka jana. Hajaenda kwa daktari kwa sababu anaogopa atakachoambiwa. Hajamwambia mtu. Nikamuuliza, ulinyamaza vipi na hili huku unajenga nyumba ya watoto wa kaka yako? Akasema alidhani mikono inatosha. Mikono imemtosha kwa kuta. Futi haisomeki kwa mikono.

Kisha akaanza kuomba. Usimwambie kaka. Usimwambie Mama, na presha yake ile. Nani atampa kazi fundi asiyeona? Piga lipu, Shemeji, piga rangi, hakuna atakayejua.

Nikamwambia: paa litajua.

 Akaendelea kufuta mwiko uliokuwa safi tangu mwanzo.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekula nimesimama. Nimechora linta ile mara sita. Uzito wa kenchi za paa, uzito wa mabati, upepo. Kila nikipiga hesabu jibu ni lile lile: vunja.

Vunja nini, hilo halimo kwenye daftari.

Jumapili, 22 Juni

Mume wangu, niliyempigia jana kuhusu matundu ya linta, kafika mchana, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakukaa hata kunywa maji. Twende nikaione. Tukaenda wote, na Mama naye, alikataa kubaki, tukamwekea kiti sebuleni chini ya anga.

Mume wangu akatazama matundu. Akasema lipu itafunika. Nikamweleza nondo. Nikamwonyesha kwenye ramani. Akauliza, sauti imeshuka — na sauti yake ikishuka ni mbaya kuliko ikipanda — nani alipima nondo hizi?

Shemeji alikuwa pale, kofia mkononi. Kimya alikuwa pale. 

Nikasema, "Mimi. Saiti ni yangu."

Ni kweli na si kweli. Msimamizi ni mimi, lililoharibika hapa ni langu. Nilitegemea nini? Kwamba atasema pole? Akasema alijua! Akasema ubao wa darasani si ukuta. Kuanzia kesho anatafuta mkandarasi wa kweli, na asivunje mtu hata punje hadi huyo aje. Nitulie nyumbani. Nitulie! Mimi!

Shemeji kazungusha kofia mkononi. 

Mama hakunitazama mimi wala hakumtazama mkubwa wake. Muda wote alikuwa anamtazama mdogo. Wakati wa kuondoka alimwambia nishike mkono, baba, njia mbaya — na njia ile imenyooka kama rula.

Jumatatu, 23 Juni

Saa nne asubuhi. Naandika nimekaa juu ya matofali, kurasa zimejaa vumbi.

Nimekuja. Mume wangu alipeleka lori gereji alfajiri, nikavaa viatu nikaja. Mkandarasi wa kweli akija ataliona dirisha, atasema lipu itafunika kama wengine, na mtu akikufunikia jambo unalolijua utaishi chini yake miaka yote ukitazama juu. Kimya nilimkuta. Nikasema tunavunja kipande cha dirisha tu, kwingine kote ni salama. Akaniuliza, Mwalimu, ruhusa ipo? Nikasema nyundo ipo. Tukapanda jukwaani wote wawili.

Nusu mita ilipodondoka, nondo zikatokea. Nikazipima. Zimepishana pungufu ya kiganja! Nilidhani nitafurahi kuwa na haki. Sikufurahi.

Kisha mume wangu akafika. Mtu kampigia. Alianza kupiga kelele toka barabarani, mke wangu una wazimu, nimesema nini jana, na mimi juu ya jukwaa na nyundo, sina pa kujificha, majirani wametoka wote. Nikamwambia panda uone. Hakupanda.

Nyuma yake wakaja Shemeji na Mama, wameshikana mikono. Kwa mbali ungesema kijana anamwongoza mama yake mgonjwa. Nikaangalia vizuri. Mama ndiye aliyekuwa anamwambia inua mguu, hapa pana kokoto, hapa pana ngazi.

Shemeji akasimama mbele ya kaka yake, uso umegeuka kidogo pembeni.

"Kaka, mwache. Shemeji yangu hakupima kitu. Njoo humu ndani kidogo."

Wameingia chumba cha Mama. Hakina mlango, hakina paa. Mama kasimama pale pa mlango, katugeuzia mgongo. Mwili mdogo vile, lakini hakuna atakayempita.

Nimesikia mume wangu akiuliza mara moja tu: tangu lini?  Kimya ananiuliza kutoka juu, tuendelee au tuache? Nyundo kaiweka begani. Dirisha limebaki na nusu ya kichwa. Mimi niliyemkimbiza kila mtu tangu tarehe mbili nimemwambia: subiri kwanza.

Humo ndani mtu analia. Sauti zao zimefanana tangu utotoni, Mama husema hata yeye huchanganya kwenye simu. Sijui ni yupi.