Marahaba Uliyoitikia Ruhembe

Kaka Idrisa,

Mdogo akimwandikia mkubwa wake huanza na shikamoo. Barua hii haina. Soma hadi mwisho utajua iko wapi.

Nimeiandika gazetini kwa sababu nilikupigia simu kwanza, nawe ukanijibu, "Mdogo wangu, ile ni burudani tu. Watu wanataka stori." Stori yenyewe uliitoa kwenye televisheni, mbele ya watu. Nakujibu mbele ya watu haohao.

Wengi wao wanakujua kwa jina la Marahaba. Ukipita stendi ya Mikumi, bodaboda wanakuita kwa jina hilo, nawe unashusha kioo na kupunga mkono. Limetoka kwenye filamu ile iliyopigwa katikati ya miwa ya Ruhembe, ulipocheza kijana tajiri anayerudi kurithi shamba la baba yake. Mlinzi mzee aliyemlea anamjia, anavua kofia, anamwambia shikamoo. Tajiri anaitikia marahaba bila kugeuza shingo. Basi. Nchi nzima ikakuchukia, na kwa mwigizaji wa nafasi kama ile hakuna sifa kubwa zaidi. Ulicheza vizuri. Niliandika hivyo wakati ule na siifuti kauli yangu.

Ila nafasi ile ilikuwa ya Rajabu, mtoto wa shangazi yetu wa Chanzuru.

Unakumbuka tulivyokuwa tunatoka kwenye kibanda cha video pale Kilosa, tukiwa wadogo, tukienda kuigiza tuliyoyaona nyuma ya nyumba? Kila siku wewe ulikuwa steringi na Rajabu alikuwa jambazi, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unagawa nafasi. Lakini tulijua nani anaweza. Rajabu aliwahi kusimama nyuma ya ukuta wa soko akaigiza sauti ya bwana afya, na wauza samaki wakaanza kufunika mabeseni. Mama alicheka hadi akakaa chini. Wewe hukucheka.

Kwa hiyo mwongozaji, dada mmoja, alipokuja kutoka Dar es Salaam na kusikiliza vijana wetu, hakuhangaika. Alimchukua Rajabu siku hiyohiyo. Wewe alikupa nafasi ya karani anayesimama nyuma ya tajiri na kushika mwavuli, asiyesema neno. Siku ya kupiga filamu Ruhembe mimi nilikuwa pale kikazi, nimetumwa kuandika habari ya wageni wanaopiga filamu wilayani kwetu. Nilikaa pembeni ya jenereta tangu asubuhi. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa sikusimuliwa.

Mzee aliyekuja kucheza mlinzi aliamka anaumwa tumbo, akabaki gesti Mikumi. Mwongozaji akaangaza macho kwa watazamaji, akamwona Baba Mkubwa, aliyekuwa amekuja kumtazama mpwa wake Rajabu akiigiza. Aliipenda sura yake. Wakampa kofia iliyochanika na rungu.

Baba Mkubwa akatembea kama alivyoelekezwa, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, bwana."

Rajabu akainuka kwenye kiti na kuitikia, "Shikamoo, mjomba."

Watu walicheka, hata mwongozaji. Wakarudia. Mara ya pili Rajabu alibaki amekaa lakini hakutoa sauti. Mara ya tatu aliangalia chini. Mwongozaji akamfuata, akamweleza kwa upole kwamba huyu hapa si mjomba wake, ni mlinzi, na yeye si Rajabu. Rajabu alimsikiliza hadi akamaliza.

"Dada, niambie nimsukume, nitajifanya namsukuma," alisema. "Niambie nimfukuze, nitamfukuza. Hilo la kuitikia siliwezi."

Baba Mkubwa mwenyewe akamwambia, "Itikia tu, mwanangu, tumalize. Jua hili litatuua." Alimpa ruhusa mbele yetu sote. Rajabu akatikisa kichwa, akavua koti la tajiri, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kiti.

Wewe ukaweka mwavuli chini. Ulisema maneno mawili: "Mimi naweza."

Na kweli uliweza, mara moja tu, bila kurudia. Mwongozaji alipiga makofi. Kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na neno. Ile ilikuwa kazi na ulikuwa umeipata kihalali, maana mwenzako aliikataa.

Lakini mchana, chakula kilipoletwa, ulikuwa bado umevaa lile koti, umekaa kwenye kiti pekee kilichokuwa kivulini. Baba Mkubwa akaja na sahani yake. Kwa utani, kama kawaida yake, akainama kidogo akakuambia, "Shikamoo, bwana." Kamera ilikuwa imefunikwa. Ukamjibu, "Marahaba, mzee," ukaendelea kutafuna. Mafundi wa taa wakaangua kicheko, na kicheko chao kilikupendeza, nilikuona. Hukuinuka. Baba Mkubwa alicheka pamoja nao, kisha akaenda kula chakula chake amesimama, karibu na gari.

Nimehoji waigizaji wengi katika kazi hii. Karibu kila nafasi iliyompa mtu jina ilianzia kwa mtu mwingine. Mmoja alikuwa kwenye msiba, nafasi ikaenda kwa rafiki yake. Mwingine mumewe alimkatalia kusafiri. Mwingine alipigiwa simu akiwa bondeni kusiko na mtandao, na kabla hajapanda mlimani ameshapatikana mtu wa kumbadili. Waliorithi nafasi hizo huzisimulia wenyewe wakicheka, na wengine bado wanawapigia simu wale waliowatangulia kuwasalimia sikukuu. Kurithi nafasi si aibu. Ni wewe uliyeigeuza ikawa aibu, na aibu yenyewe ukambebesha Rajabu.

Kwenye kipindi kile cha televisheni ulisema nafasi iliandikwa kwa ajili yako. Mtangazaji alipokuuliza kama ni kweli ilikuwa ya mtu mwingine, ulicheka, ukasema, "Kuna ndugu yangu mmoja wa kijijini walimjaribu. Alikuja amelewa, mdomo ukamkauka." Hukumtaja jina. Kilosa nzima haikuhitaji jina.

Mwezi huu kuna filamu nyingine inaandaliwa Mikumi. Rajabu, ambaye miaka yote hii amekuwa akifundisha maigizo watoto wa shule bila kamera yoyote, alipewa nafasi ya baba wa familia. Nafasi kubwa. Alinipigia, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea haraka. Kipindi chako kilipopita, mtayarishaji akamwambia asubiri kwanza. Nilipomfuata mtayarishaji huyo alinieleza bila kuzunguka: hawezi kuweka mlevi kwenye kazi ambayo kila siku inakula fedha za watu, lakini wewe mwenyewe ukisema si kweli, nafasi ni ya Rajabu. Wanaanza kupiga wiki ijayo.

Nilimuuliza Rajabu kwa nini hakujitetea. Alisema, "Nikimkana kaka hadharani, nitamwangalia vipi mjomba?" Wewe jiulize hilo kwa upande wako.

Mjomba wake, yaani Baba Mkubwa wetu, alikuwa sebuleni televisheni ilipokuwa inakuonyesha. Siku hizi hasikii vizuri, akaomba arudiwe ulichosema. Nikamrudia neno kwa neno. Akauliza, "Alewe vipi, na siku ile alikuwa amefunga?"

Mimi nilikuwepo na hilo sikulijua. Siku ile ilikuwa Jumatatu, na Rajabu alikuwa na funga yake ya sunna. Ndiyo maana mchana hakushika sahani. Baba Mkubwa alimsihi afungue kwa sababu ya jua la Ruhembe, akakataa. Kwa hiyo hapo hukukosea kaka, mdomo ulimkauka kweli.

Sikuombi umtetee Rajabu wala umsifu. Rudi mbele ya kamera uliyoizoea, useme ulichokiona ukiwa umeshika mwavuli. Sentensi moja inatosha. Kisha njoo Kilosa, uingie kwa Baba Mkubwa, uvue kofia, umwamkie kwa sauti, maana nimekuambia masikio yake yamechoka. Usubiri aitikie, hata akichelewa, na usikae kabla hajakukaribisha.

Shikamoo yangu iko hapo mlangoni kwake. Akishakuitikia yeye, utaichukua ukitoka.

Mdogo wako, ambaye hajakuamkia.