Nilikata Phonie Bila Kumwambia Papa Alphonse

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, na nina hasira ambayo sijui nimtupie nani.

Simu ya setilaiti imenigomea tena. Nimesimama uani na mwavuli, antena juu, nikiigeuza kila upande. Inashika, inaita mara mbili, inakatika, na kadi imeliwa vilevile. Nilitaka neno moja tu limfikie kaka yangu kule Butembo: ndege ya kesho ilete sabuni, si chumvi. Depo, ghala letu, imejaa chumvi.

Kaka ndiye mwenye duka. Mimi ndiye ninayeliendesha hapa Kisangani, na mawasiliano yako juu yangu. Tangu vita ifunge mto na barabara, bila mawasiliano hakuna biashara. Lakini simu na phonie pamoja zilikuwa zinatumaliza, basi mwezi uliopita nikakata abonema ya phonie, malipo ya mwezi ya kuletewa habari. Ile redio ya kuitana kila mtu anaisikiliza. Ukitaja sukari asubuhi, jioni soko lote limeshapanga bei.

Nilijiona mwerevu.

Leo simu ilipokataa kabisa, nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi Kabondo kwa mwenye phonie. Nikamwomba aniitie Butembo, hata mara moja.

Aliniangalia kwanza. "Mama, Barumbu waliita duka yenu siku tatu. Walikuwa wanatafuta Papa Alphonse. Mama yake alikufa. Jana wamemuzika."

"Na haukutuma mutu?"

"Abonema ilikatwa. Donc, basi nilizania munapata habari kwa simu."

Papa Alphonse ndiye mzee anayetunza depo yetu. Kwao ni Barumbu, mto unakoshukia, ng'ambo ya mstari wa vita. Hajamwona mama yake tangu boti zisimame. Kila Jumamosi huniuliza kama kuna habari kwenye phonie, nami hujibu hakuna. Jumamosi hii pia nilijibu hakuna.

Sikusema kwamba nimekata.

Nilirudi bila kuita Butembo. Nilimkuta anapanga magunia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitasema.

"Walimuzika?"

"Jana. Walikungojea, papa."

Alitua gunia chini. "Ningejua umekata, mama, ningekuwa naenda kule kwa phonie mimi mwenyewe, na miguu." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Tulikwenda wote Kabondo. Barumbu ilishikwa kwenye phonie alasiri, sauti ya mdogo wake ikija na kuzama. Papa Alphonse alishika mikrofoni kwa mikono miwili. Aliuliza nani alimfumba mama macho, na kama alisema kitu. Kisha akaomba msamaha kwa kuchelewa. Yeye ndiye aliyeomba.

Mimi nilitoka nje.

Abonema nimeirudisha. Kaka atafoka kwa ajili ya chumvi itakayokuja tena kesho, atauliza nani aliruhusu kulipia phonie. Nitamwambia ni mimi, na kwamba wa kupunguza maneno ni sisi wawili, tunaosalimiana dakika nzima kwa setilaiti kabla ya kutaja bidhaa.

Kutakucha tena. Sijui kama Papa Alphonse atakuja kufungua depo, na sitamtuma mtu kumwuliza.