Nyundo ya Abdulkadiri

Shomari Mhunzi,
Kabasa, Bunda,
Mkoa wa Mara.
14 Novemba 1993

Mpendwa mjukuu wangu Abdulkadiri,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Uholanzi? Kifua kinaendeleaje na baridi hiyo? Sisi tunapumua. Mke wetu Mwanaupe, bibi yako, miguu imemvimba ila mdomo mzima, bado ananigombezaga mchana kutwa. Anauliza kama mume wake kijana anapata ugali huko au anakula majani tu.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, sijamwita mtu. Kwenye kisomo cha watu wazima Bunda nzima hakuna aliyenishinda, na waliokuwa wanabisha wameshakufa.

Barua yako nimeisoma. Profesa anakupa miaka minne ya utafiti. Unaweka chuma ndani ya kompyuta, unakigawa matundu madogo madogo kama wavu wa dagaa, unakivuta humo mpaka unajua ufa utaanzia wapi, chuma chenyewe hakijapata habari. Ukimaliza, watu wa meli na wa ndege wanakugombania. Nimewasomea watu wote waliopita hapa kwenye moto wangu. Nikawaambia, damu ya Shomari hiyo!

Lakini ukasema moyo uko nyumbani, nikuulizie kazi huku kabla hujamjibu profesa mwisho wa Desemba. Nilifurahi mpaka nikavaa kanzu ya Idi siku ya Jumanne.

Nimeuliza. Musoma nilikwenda kwenye kile kiwanda cha nguo. Mashine zimesimama, popo ndio wafanyakazi. Yule meneja aliyebaki kushika funguo akaniuliza, "Babu, huyo kijana wako anafanya kazi gani hasa?" Nikamjibu kwa sauti, walinzi nao wasikie, "Anajua chuma kitavunjikia wapi kabla hakijavunjika!"

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Angekuja zamani, babu. Hapa kimeshavunjika chote."

Nilimtukana kidogo nikaondoka. Lakini lile neno nimerudi nalo mpaka Bunda.

Kwenye kinu cha pamba wamepunguza watu. Silasi, yule fundi aliyekufundisha kushika spana, sasa anauza dagaa Kibara. Nikapanda Butiama kwa Nathanieli, karani mstaafu anayejuana na wakubwa wa Dar. Anasema serikali imefunga ajira, viwanda vinauzwa, na wanaonunua wanataka mabati ya paa, sio mtu wa kompyuta. Mimi sishindwagi. Hapa nimeshindwa.

Hata kwangu moto hauwaki kila siku. Majembe ya nje yamejaa madukani, yanapinda kama ulimi wa ng'ombe, na watu wananunua hayo hayo.

Sasa sikiliza. Nyundo yako unaijua, ile niliyoitundika juu ya mvukuto. Kwetu wahunzi nyundo ya mrithi haipigwi na mtu mwingine maadamu anangojewa. Dada yako Shani aliwahi kuvunjia kokoto nayo, nikasusa chakula. Tangu upande ndege naipakaga mafuta kila Ijumaa.

Leo asubuhi nimeishusha. Nimefua nayo jembe moja, mimi mwenyewe. Majirani wameusikia mlio wakajua sio wa nyundo yangu. Wamekuja mmoja mmoja, wakakaa chini kama matangani. Bibi yako ameingia ndani, na mpaka sasa hajanigombeza.

Basi mkubalie profesa. Usirudi kwa ajili yangu, nitakufokea mbele za watu. Hata nikifa usipande ndege, soma dua huko huko, itafika.

Shani anakusalimu, na Silasi, na shangazi yako Mwanaharusi wa Kigera. Mwenyezi Mungu akulinde na nyufa zile ambazo hata kompyuta yako haizioni.

Ni mimi babu yako akupendaye, hata anapokufukuza,

Shomari

Nimesahau: lile jembe limetoka zuri kuliko yote ya Bunda. Liko hapa mlangoni. Hakuna aliyeuliza bei.