Tela la Dagaa la Baba Queen

Buswelu, Mwanza
8 Juni 2025

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta unaanika dagaa na mgongo haukusumbui sana. Sisi hatujambo. Queen ameota jino jingine, la chini, na sasa ananing'ata akinyonya halafu ananitazama usoni aone nitasema nini. Baba Queen mzima, ndiye huyu anayekuletea barua. Bahasha nimeishona kwa uzi mweusi. Ukiona uzi wa rangi nyingine ujue imefunguliwa.

Kwenye simu nisingeweza. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani unaambiwa pole barazani.

Mama, ni hivi. Tulipofunga tela nyuma ya pikapu ili mzigo uwe mwingi, tulidhani tumepona. Dagaa ni wepesi, gunia lao hata mimi nanyanyua. Lakini tangu siku hiyo pikapu inakula mafuta kama imebeba mawe. Anajaza tanki asubuhi, anakuja huko Lamadi, akirudi jioni na mzigo mshale umelala. Kabla ya tela haikuwa hivyo. Fundi Machibya amesafisha nozo, amebadilisha chujio la dizeli, amelala chini ya gari na tochi mpaka mkewe akaja kumuulizia. Haoni kinachovuja.

Sasa Maige, yule mwenye malori, anamtaka Baba Queen akaendeshe lori la Dar na Burundi. Nyumbani atakuwa anaonekana mara moja kwa mwezi, kama njia ni nzuri. Maige anataka jibu mwisho wa mwezi wa saba. Baba Queen anasema mafuta yakiendelea hivi atauza tela, auze na pikapu, aende. Mimi sitaki, mama. Baba alipokuwa visiwani akivua, mimi nilimjua kwa koti lake lililoning'inia msumarini. Sitaki Queen akue hivyo.

Na kuna lingine, naona aibu kuliandika. Mama Otuoma wa jirani ameniambia, "Mwenzangu, mafuta hayapotei. Yanapita kwa mtu." Nilicheka, lakini neno lilibaki limekaa. Naomba uniangalizie tu. Akishapakia, anaondoka moja kwa moja, au kuna mlango anaosimama?

Unisamehe kwa kukutuma hivi.

Mwanao,
Evelina


Lamadi
11 Juni 2025

Evelina mwanangu, marahaba.

Mgongo upo, nautumia hivyohivyo. Dagaa wa juma hili ni wazuri, ila kunguru wamekuwa wengi kuliko wanunuzi.

Uzi ulikuwa mweusi. Mkwe wangu aliiweka barua yako juu ya kichanja, akaibana na jiwe, akaenda kusimama mbali akiangalia ziwa mpaka nilipoichukua. Ndiyo heshima yake siku zote. Tangu harusi hajanitazama usoni, wala mimi sijamtazama, na tunapendana vizuri tu. Leo wewe unanituma nimpeleleze mkwe! Ungekuwa karibu ningekufinya.

Lakini nimeangalia, kwa sababu ni wewe. Nilijitanda kanga nikakaa nyuma ya magunia ya Masalu, yule msimamizi wa wapakiaji, nimetulia kama kuku anayeatamia. Tela walilijaza mpaka magunia yakapita juu ya kichwa cha gari. Vijana wakamtania, "Chenge, kaa unywe soda, mkeo hakimbii." Akasema, "Jua ndilo linalokimbia." Hakunywa. Alikagua kamba, akaingia garini, akaondoka kwa kishindo mpaka kunguru wote wakaruka. Hakusimama kwa mtu. Nilimfuata kwa macho hadi barabara ya lami, na pale alizidi kukimbia.

Mwanaume mwenye mlango wa pembeni hapa Lamadi hakimbizi gari kuelekea Buswelu. Mwambie Mama Otuoma achunge mafuta ya jiko lake.

Kwa nini tanki linakauka, mimi sijui. Na huo mwendo haukunipendeza, lakini mama mkwe hamwambii mkwe namna ya kuendesha gari. Ningekuwa na mdomo huo ningeanza na lile shati lake lililochakaa.

Njoo na mjukuu wangu, nilione hilo jino.

Mama yako,
Bernadeta


Lamadi
27 Juni 2025

Evelina, hamjambo huko?

Barua hii nimempa kondakta wa basi la Musoma, kwa hiyo sitasema mengi. Mkwe hajaonekana kupakia hapa mwaloni juma hili, wala lililopita. Dagaa aliokuwa amewawekea oda wamepakiwa kwenye gari la mtu mwingine. Masalu ndiye aliyeniambia, huku anatazama pembeni. Simu yako inaita tu.

Kama Queen anaumwa, niambie. Kama ni lori la Maige, niambie pia. Habari mbaya ni afadhali inikute nimekaa, kuliko niipokee na beseni kichwani.

Mama yako


Buswelu
30 Juni 2025

Shikamoo mama.

Utulie, Queen mzima, anatambaa mpaka kwenye makaa. Simu ilitumbukia kwenye beseni la nguo, inaita lakini haisikii mtu. Pole kwa kukutia hofu.

Ni kweli Baba Queen amesimamisha kazi. Alilifungua tela, akalisogeza ukutani, na sasa kuku wa Mama Otuoma wanataga humo. Mtu mmoja wa Butimba amekuja kulitazama, akapiga matairi teke kama wanavyofanya wanunuzi, akasema atarudi. Kwa Maige Baba Queen bado hajatoa jibu. Amekuwa mpole, mama, na upole wake ndio unaonitisha. Anamchukua Queen anazunguka naye uani, anamwonyesha kila kitu, hata ndoo, kama mtu anayeaga.

Nikamwambia, "Kabla hujaliuza, tupeleke kwa bibi yake. Tela liende safari yake ya mwisho na sisi tukiwemo."

Akasema, "Mafuta ya kutembeza watu nitayatoa wapi?"

Nikasema, "Si unarudi na dagaa? Sisi tuhesabu kama magunia."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. Tunakuja Jumamosi. Neno la Mama Otuoma sikumwambia, nimelitupa jalalani.

Mwanao,
Evelina


Buswelu
9 Julai 2025

Mama yangu, shikamoo. Tulifika salama, na wale sato uliotufungia tumewala wote na vichwa vyao. Queen bado anaiga ulivyokuwa unatupungia mkono huku umempa mkweo mgongo. Anageuka ukutani, anapunga.

Mama, nimeyaona mafuta yanakoenda. Sikuyaona kwa akili nyingi. Niliyaona kwa sababu nilikaa dirishani.

Tulipotoka kwako, tela limejaa magunia kama kawaida, Baba Queen aliendesha taratibu, kwa ajili ya mtoto. Tulikaa nyuma ya lori la pamba, wala hakuhangaika kulipita. Mimi nilikuwa nimetoa mkono nje kidogo, upepo unanipapasa tu. Kule kwenye uwanda kabla ya Magu akaona barabara nyeupe, haina gari mbele, akakanyaga mafuta alipite lori. Mama, upepo uliusukuma mkono wangu nyuma mpaka nikaurudisha ndani. Injini ikaunguruma, na gari likawa kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma, anataka kwenda, anavutwa. Queen akaangua kilio kwa ile kelele. Baba yake akaachia mafuta, akarudi nyuma ya lori, upepo ukalainika, na ile kelele ikaisha.

Tukaenda hivyohivyo mpaka Igoma. Pale akatazama mshale. Akakigonga kioo chake kwa kidole, akidhani mshale umekwama. Akakigonga tena. Tulipofika nyumbani akamwita Machibya, wakafungua tanki wakachovya kijiti. Dizeli imo, mama. Tela lilelile, magunia yaleyale, barabara ileile.

Machibya akalizunguka tela akitazama urefu wa magunia, akaanza kucheka. Akasema, "Chenge, sisi wote tumekuwa tunapima uzito. Dagaa ni wepesi, ndiyo maana unawapanga mpaka mbinguni. Upepo haupimi kilo. Hapa umejenga ukuta halafu unakimbia nao."

Machibya alipoondoka nikamuuliza, "Baba Queen, kwani kila siku unakimbia hivyo?"

"Leo sikuwa na haraka."

"Siku nyingine una haraka ya nini?"

Akanyoosha kidevu kumwonyesha Queen, ambaye alikuwa amekalia kiatu chake. "Nikitoka alfajiri amelala. Nikichelewa kurudi, amelala. Nakimbia nimkute macho."

Niliona haya mpaka masikioni. Mimi nilikuwa nashona bahasha, kumbe mwenzangu anachoma mafuta kwa ajili ya nusu saa ya kubebana na mtoto.

Lakini neno limebaki palepale. Akienda taratibu, mafuta yanatosha, ila anafika Queen yuko usingizini. Jana alijaribu. Alifika saa mbili na zaidi, akasimama mlangoni na viatu mkononi akimtazama alivyolala. Akaniambia, "Sasa hapa na lori la Maige tofauti ni nini? Baba wa mtoto aliyelala ni yuleyule tu." Mtu wa Butimba ametuma salamu kwamba anakuja mwisho wa mwezi, na Maige naye anangoja. Ungefanyaje wewe?

Mwanao,
Evelina


Lamadi
12 Julai 2025

Evelina, marahaba mwanangu, na umbusu huyo mpunga mkono.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikacheka, nikafuta macho, nikacheka tena. Haya, sikiliza.

Wewe umekulia mwaloni lakini umeshasahau. Watoto wa hapa wanalala jua likiwa kali, kwa sababu ndipo mama zao wanapogeuza dagaa na hawana mikono ya kuwabeba. Jioni baba zao wakianza kuwasha taa za mitumbwi, watoto wako macho wote, wanapiga kelele kama bata. Hakuna baba wa mwaloni anayeingia ziwani bila kwanza kusumbuliwa na mtoto. Wewe ulikuwa hivyo mpaka baba yako alipohamia kambi za visiwani. Huyo wako unamlaza kwa saa za mjini, umemuiga Mama Otuoma. Mchana mchoshe. Mpeleke acheze majini kwenye beseni, mlishe vizuri, halafu alasiri ufunge pazia alale kama mtu aliyekunywa dawa. Siku mbili tatu za kwanza atakulilia. Vumilia.

Na magunia nimeshayasemea. Nilimwita Masalu mbele ya tela, mkwe wangu amesimama upande wa pili wa gari, nikasema, "Masalu, nakuomba mwambie mkwe wangu mzigo upangwe chini, mengine yaingie kwenye bodi ya pikapu. Yatakayobaki yatasubiri safari nyingine. Na umwambie barabara ya Mwanza haihami."

Masalu akasema, "Mama, amesikia, yuko hapa."

Nikasema, "Sikukuuliza kama amesikia. Nimekuambia umwambie."

Masalu akazunguka gari, akamwambia neno kwa neno. Nikasikia mkwe anajibu, "Mwambie mama nimepokea." Masalu akazunguka tena, akaniletea. Vijana walikaa chini kwa kicheko.

Kuhusu mtu wa Butimba na huyo Maige, hayo ni yenu wawili. Mimi nimemaliza.

Mama yako,
Bernadeta


Buswelu
3 Agosti 2025

Shikamoo mama yangu. Mgongo unaendeleaje? Nimekuletea dawa ya kuchua, iko kwenye mfuko wa mchele, usije ukaipika.

Siku nne Queen alilia, sikufichi. Nilifunga pazia, nikamwimbia, nikalia naye kidogo. Siku ya tano alasiri akalala mwenyewe, mikono juu, mpaka jua likaanza kushuka. Jioni hiyo Baba Queen alikuja taratibu kama kawaida yake mpya. Alifungua mlango polepole, viatu mkononi, akamkuta mtu amekaa katikati ya mkeka na mwiko, anamsubiri. Alikaa chini na vumbi lake lote, magamba ya dagaa kwenye suruali.

Mtu wa Butimba alikuja Jumatano. Baba Queen akamwambia tela linasafiri kesho yake, kama anataka kulipiga teke awahi. Kwa Maige alikwenda mwenyewe, akamshukuru, akamwambia atafute dereva mwingine. Maige akamuuliza, "Umepata kazi gani inayozidi hii?" Baba Queen akamjibu, "Ileile." Mafuta sasa yanampeleka na kumrudisha na yanabaki. Mzigo umepungua kidogo, lakini tunakula, na karanga za uji wa Queen hazikosi.

Taabu iliyobaki ni moja, mama, na hiyo umeileta wewe. Huyu mtoto jioni halali kabisa. Wanakula wote wawili na baba yake, wanaimba, wanapanga viatu mstari mmoja wakisema ni pikapu na tela, wanazunguka navyo chumba kizima, taratibu, maana baba yake hamruhusu akimbize. Mimi ndiye ninayesinzia wa kwanza. Jana nilisikia kwa mbali Baba Queen akimwambia, "Shh, mama amelala," halafu wakanifunika kanga, mmoja huku, mmoja kule.

Mwanao mwenye usingizi,
Evelina